Miruko Mia Moja ya Kiberiti

Jumanne, tarehe tisa Septemba. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito hata magari yakapita na taa zikiwaka saa mbili, kisha ukakatika ghafla, na kufikia saa nne jua lilikuwa linachoma mabati ya karakana yetu. Niliandika hivyo juu ya ukurasa, kama mwalimu wetu wa masomo ya jioni alivyotuelekeza: kwanza tarehe, kisha hali ya hewa, kisha kazi, kwa sababu mguu wa mchezaji hauruki siku ya baridi kama unavyoruka siku ya joto.

Mimi ni fundi wa matairi. Nina miaka arobaini na saba. Ninafanya kazi na mdogo wangu, mwenye karakana, na jioni nne kwa wiki ninakaa kwenye dawati la watoto nikisomea cheti cha ukocha. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, kwa hiyo kila neno jipya ninalojifunza ninalipokea kama mgeni aliyesubiriwa sana. Na timu ninayo. Wasichana kumi na wanane walio chini ya miaka kumi na saba, ambao wote wananiita Shangazi, ingawa shangazi wa damu ni wa mmoja tu.

Huyo mmoja ni binti wa mdogo wangu. Tunamwita Kiberiti, kwa kuwa ni mwembamba, ni mfupi, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Ndiye mshambuliaji wetu.

Tulikuwa nafasi ya tatu. Timu mbili za juu ndizo zinazokwenda kwenye mashindano ya mkoa, na ilikuwa imebaki mechi moja tu, Jumamosi, dhidi ya timu ya pili yenyewe. Tukishinda, tunawapita. Wasichana hawakuwa na habari nyingine. Hata nilipokuwa ninaziba pancha nilikuwa ninapanga kona kichwani.

Katikati ya msimu nilikuwa nimewaanzishia mazoezi ya nguvu za mlipuko. Si bomu. Ni ile nguvu inayotoka mara moja, kufumba na kufumbua: kumwacha beki kwa hatua tatu, au kupanda juu ya kichwa chake kabla hajaamua kuruka. Mwalimu alitufundisha kwamba msimu ukiwa umeanza, mechi zenyewe zinachosha miguu, kwa hiyo dozi ni ndogo. Jumanne, miruko arobaini na minane, mitatu mitatu, na kupumzika dakika nzima katikati. Alhamisi, ishirini, na mbio fupi. Ijumaa, hakuna. Kila mruko uwe kama wa kwanza. Mruko wa mguu uliochoka unafundisha mguu uchelevu.

Uwanja wetu wa mazoezi haya ulikuwa nyuma ya karakana. Matairi ya magari madogo ya kuruka mguu mmoja mmoja, matairi mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine ya kupanda kwa miguu miwili, na tairi la lori, ambalo kulifikia ilikuwa kama kufaulu mtihani. Ukutani tulipima. Msichana anapaka chaki kwenye vidole, anasimama ubavu kwa ukuta, anaruka na kugusa. Kila mmoja alikuwa na alama zake na kila wiki alama zilikuwa zinapanda. Wiki ya tatu walikuwa wanapiga vigelegele mpaka wateja wakaja nyuma kutazama, mmoja na gurudumu lake mkononi.

Jumanne hiyo alama zilishuka. Si zote. Za wanne. Kiberiti alishuka kwa vidole vinne vizima.

"Rudia," nilimwambia.

Alirudia. Alishuka zaidi.

"Chaki imelowa," alisema, bila kunitazama.

"Chaki ya mwenzako haijalowa?"

"Yake ni kavu, Shangazi."

Ni chaki ileile. Niliandika.

Baada ya mazoezi, tukiwa tunabandua tairi gumu kwenye ringi, mdogo wangu alilileta jambo hilo mwenyewe.

"Dada, mtoto anasinzia mezani. Jana kijiko kilikuwa mdomoni na yeye hayupo. Na asubuhi anashuka ngazi kama bibi."

"Goti?"

"Anasema hapana. Mama yake anasema ndiyo." Aliegemea chuma chake. "Mwaka jana lilipoumia nilimbeba mgongoni wiki sita. Kutoka mlangoni mpaka darasani, watoto wa watu wanacheka, na yeye ananiambia, baba, usiyumbe. Mimi siwezi tena. Namwacha acheze Jumamosi kwa sababu nilishampa neno langu. Lakini akitoka uwanjani anachechemea, imekwisha. Viatu nafungia, na wewe usije kumwombea msamaha."

Mdogo wangu si mtu wa maneno mengi, na akisema hivyo huwa amekwisha lala nalo. Nilielewa kwamba nina siku nne. Bila mpira, Kiberiti ni msichana mwingine kabisa. Nilimwona mwaka jana, zile wiki sita. Alikuwa anakaa dirishani akitazama watoto wanaocheza njiani, na hakuwaka kwa lolote.

Jioni hiyo nilimpelekea mwalimu daftari langu. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, lakini akishika kalamu ninamwogopa. Alisoma kurasa zote, taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Mama, hii programu haimchoshi mtu," alisema.

"Basi nimekosea wapi? Sema tu. Mimi sioni haya kusahihishwa."

"Ungekuwa umekosea ningesema punguza. Hapa hakuna cha kupunguza." Alilifunga. "Kuna miruko ambayo haimo humu ndani."

Nilisali njiani nikirudi, kama ninavyosali kila siku, lakini safari hii sikuomba ushindi. Niliomba nioneshwe.

Jumatano niliomba ruhusa ya somo la kwanza. Kwa kawaida ninatoka karakana saa kumi na moja, na saa hizohizo mdogo wangu hupeleka matairi kwenye yadi ya malori, anarudi jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo kwa muda huo nyuma ya karakana hakuna mtu. Nilizunguka barabara, nikarudi kwa upande wa uzio, na kabla sijafika nilisikia, tup, tup, tup, na sauti inahesabu.

"Sitini na saba. Sitini na nane. Sitini na tisa."

Walikuwa wanne. Walewale wanne. Kiberiti alikuwa juu ya tairi la lori, fulana imemganda mgongoni. Aliyekuwa anahesabu ni kipa wetu, Mlango, msichana mrefu ambaye akisimama golini unadhani wamepaki gari.

"Mlango," nilisema, "hapa kuna nini?"

"Mimi ninahesabu tu, Shangazi."

"Unahesabu huku unatokwa jasho hivyo?"

"Ninahesabu kwa bidii."

Wawili wengine walicheka, kisha wakaona uso wangu wakaacha. Kiberiti hakushuka.

"Shuka huko."

"Zimebaki thelathini na moja."

"Nimesema shuka."

"Shangazi, siwezi. Nimeweka nadhiri."

Nilikaa juu ya ringi.

Kwa maana neno hilo walilipata kwangu. Mwezi uliopita nilikuwa nimewasimulia jinsi nilivyoanza masomo: kwamba nilimwahidi Mungu nitaamka kabla ya alfajiri kila siku nisali, hadi nipate cheti, na sijakosa hata siku moja, hata siku nilipokuwa na homa. Nilisema kwa kujivuna kidogo, sasa nakiri. Niliwaambia kwamba ahadi kwa Mungu haivunjwi. Wasichana wengine walisikia hadithi. Kiberiti alisikia maelekezo.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Wiki tatu. Mia moja kila siku kabla jua halijazama, mpaka Jumamosi. Hawa hawakuapa. Wananisindikiza tu."

"Hata Ijumaa kabla ya mechi?"

"Mungu hana Ijumaa, Shangazi."

Mlango aliinamisha kichwa, nadhani anaficha mdomo wake.

Niliwaambia wale watatu waende nyumbani, na wasiguse tairi hadi Jumamosi. Wawili walikwenda. Mlango alikwenda hatua kumi akasimama kwenye kona ya karakana, kwa kuwa yeye hakuwahi kumwacha Kiberiti peke yake penye shida. Kiberiti alikuwa bado juu ya tairi, anatazama jua. Lilikuwa limebakiza mkono mmoja kufika kwenye paa la jirani.

Nilitaka kusema, acha, mimi kocha nimesema. Lakini ningemfundisha nini? Kwamba ahadi kwa Mungu inavunjwa na mtu mwenye filimbi? Na nikimwacha amalize, ni thelathini na moja leo, mia kesho, mia keshokutwa, kisha Jumamosi anachechemea mbele ya baba yake.

Nilifumba macho palepale juu ya ringi. Sikusikia sauti yoyote. Nilikumbuka tu jambo nililofundishwa zamani, nikiwa msichana wa umri wake, na kwa miaka yote sikuwahi kuona kazi yake: kwamba msichana aliye bado nyumbani kwa baba yake akiweka nadhiri, na baba akaisikia, akaikataa siku ileile aliyoisikia, haimfungi tena, naye Mungu humsamehe. Lakini baba akisikia akanyamaza, inasimama.

"Tutamwambia baba yako," nilisema.

Alishuka kwenye tairi kwa mara ya kwanza. "Shangazi, tafadhali. Mwambie mtu mwingine yeyote."

"Hakuna mwingine anayeweza kukufungua."

"Atafungia viatu leo leo. Nitamaliza haraka, tazama, thelathini na moja tu. Baba hatajua. Jumamosi sitachechemea, nitauma meno."

"Na Mungu utamwumia meno pia?"

Alianza kulia, kwa hasira, akipangusa uso na fulana. Na kabla sijamjibu tena tulisikia pikapu inaingia.

Mdogo wangu alitutazama sisi wawili, akatazama matairi, akazima injini. Nilimweleza yote, nikianza na kosa langu. Alisikiliza bila kushuka garini.

"Mia moja?"

"Kila siku."

"Kwenye matairi yangu?"

"Kwenye matairi yako."

"Ndiyo maana kila asubuhi nakuta lile la lori limehama. Mimi nilidhani ni mbwa."

"Mbwa wa kuhamisha tairi la lori, mdogo wangu?"

"Nilidhani ni mbwa wakubwa." Alishuka, akafunga mlango taratibu sana, na huo utaratibu ndio ulionitisha. "Basi. Imekwisha. Viatu viko wapi?"

"Hayo ni mambo mawili," nilisema. "Viatu ulisema Jumamosi, na wewe hubadilishi neno. Nadhiri ni ya leo. Umeisikia leo, na ukiikataa leo, haipo. Ukinyamaza hadi jua lizame, umeikubali, na huyu ataruka."

"Nipe usiku nifikirie."

"Huna usiku. Una pale." Nilimwonesha paa la jirani.

Aligeuka kwa binti yake. "Ulimwambia nini, hasa? Maneno yenyewe."

Kiberiti alijibu huku anatazama chini. "Nilisema, Mungu, nitaruka mia moja kila siku, na wewe unipe goti lisiloumwa, na tushinde Jumamosi. Ili baba asiwe na sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kuniachisha."

Mdogo wangu alitazama paa la jirani. Jua lilikuwa limegusa bati. "Uliomba goti zima," alisema mwishowe, "kwa kulipiga goti hilohilo mara mia."

"Sikuliona hivyo, baba."

"Hapana, hukuliona. Mwenye kichwa kama hiki nyumbani kwangu ni mmoja tu mwingine, na ni mimi." Alivua kofia. Yeye si mtu wa kusali mbele za watu, hata mezani huniachia mimi. Alisema kama anavyosema na mteja mkubwa, kwa adabu na bila mapambo. "Mungu, mimi ndiye baba wa huyu. Nimesikia leo hii. Nakataa. Miruko iliyobaki usiitazamie kwake. Kama kuna lawama, nilaumu mimi, anwani yangu unaijua."

"Amina," alisema Mlango kwa nguvu, kutoka kwenye kona.

"Na huyu bado yuko hapa kwa nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Ninasindikiza," alisema Mlango.

Alhamisi sikuwarusha wale wanne hata mara moja. Walikaa kando wakikunja na kunyoosha miguu, na Kiberiti alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Aliniuliza mara tatu kama kupiga chafya kunahesabika kuwa mazoezi. Ijumaa wifi yangu, mama yake, alinipigia simu. Mtoto alilala saa kumi na mbili mfululizo, ameamka amekula mikate minne, ameuliza kama kuna mingine. "Sijui umemfanya nini," alisema wifi, "lakini endelea."

Jumamosi, saa tisa alasiri. Upepo kidogo, uwanja mkavu, watu wamejaa pande zote za kamba. Mdogo wangu alikuja na nguo zake za kazi, akasimama karibu na bendera ya kona, mikono nyuma, kama askari aliyetumwa kulinda bendera hiyo tu. Hakutazama mpira. Alitazama goti moja.

Wapinzani walikuwa wakubwa na wazuri. Dakika ya kumi na mbili walitufunga kwa shuti la mbali, na Mlango akaamka na nyasi kwenye meno. Nilisali na nikapiga kelele, vyote kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua linawezekana. Lakini kabla ya mapumziko Kiberiti alipewa mpira upande wa kulia, beki mbele yake, na akaondoka. Hatua tatu. Nilizihesabu. Beki alikuwa bado anageuza bega wakati Kiberiti amekwisha piga krosi, na kiungo wetu akausukuma ndani kwa goti. Ikawa sare, moja kwa moja. Nilimkumbatia mwanamke aliyekuwa karibu nami, na baadaye nikagundua ni mama wa kipa wao.

Wakati wa mapumziko nilimwuliza, "Mguu?"

"Shangazi, ni kama si wangu. Ni mwepesi." Alikuwa anacheka. "Nilikuwa nimesahau jinsi ulivyo."

Kipindi cha pili walitubana. Mlango alizuia mara nne, ya mwisho kwa uso. Muda ulikuwa unakwisha na sare haikutufaa. Dakika ya sabini na nane tulipata kona, upande uleule alikosimama mdogo wangu. Mpira ulipigwa juu, ukaning'inia. Mabeki wawili walikuwa wanausubiri, kila mmoja akimzidi Kiberiti kichwa kizima.

Alipanda. Sijui niseme vipi. Wale wawili walikuwa bado wanakunja magoti na yeye alikuwa amekwisha kuwa juu yao, shingo imenyooka, na akaugonga mpira chini karibu na mlingoti, na wavu ukatikisika. Kisha wote watatu wakaanguka pamoja, Kiberiti chini yao.

Uwanja ulinguruma na mimi sikuusikia. Niliona kamba inanyanyuka na mdogo wangu anaivuka. Refa alimpigia kipenga na hakusimama. Mabeki waliinuka mmoja mmoja. Kiberiti alikuwa amelala ubavu, ameshika goti.

Baba yake alichuchumaa. Sikusikia walichosema. Nilimwona akinyoosha mkono, na Kiberiti akiukataa. Aliinuka mwenyewe, akakung'uta vumbi kwenye goti, kumbe pale chini alikuwa analifuta mchanga tu. Akamtazama baba yake, akaruka pale aliposimama, mara moja, juu sana, akatua kimya kama paka.

"Moja inatosha," mdogo wangu alisema, na hilo nililisikia, kwa sababu uwanja wote ulikuwa umenyamaza kumtazama mwanamume aliyeingia bila ruhusa. Refa akamwonesha kamba iko wapi.

Tulimaliza mbili kwa moja. Sitaeleza zile dakika za nyongeza, nilikuwa nimepiga magoti nimefumba macho, na wasichana wa akiba ndio walionisimulia. Kipenga kilipolia walinirukia wote, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, niliruka nao bila kuhesabu.

Kisha Kiberiti alitembea kwenda kwa baba yake. Alitembea polepole makusudi, mguu baada ya mguu, mbele ya watu wote, ili kila mtu aone. Timu ilimfuata nyuma. Wifi alikuja, na mama wa kipa wao, na refa naye alisogea, akidhani labda kuna ugomvi.

"Nimechechemea, baba?" alisema.

"Hapana."

"Basi sema."

"Niseme nini? Umeona mwenyewe."

"Sema kwa sauti," nilimwambia. "Wewe ukiisha sema mbele za watu hurudi nyuma."

Mdogo wangu alitutazama wote, akavua kofia kwa mara ya pili wiki ile, akasafisha koo.

"Haya. Sikilizeni, na wewe refa usikie. Mimi ni baba yake. Binti yangu atacheza mkoani, na atacheza baada ya mkoani, mpaka siku atakayoniambia yeye mwenyewe kwa mdomo wake kwamba basi. Na goti likija kuuma tena, nitambeba tena, wiki sita au sitini, na sitayumba. Siku nikijisahau, yeyote kati yenu aje karakana anikumbushe, hata kama nina mteja."